Kipimo cha testosteroni Mombasa: kipi ulipie, kipi kisubiri

Ukiingia maabara mjini Mombasa ukaulizia kipimo cha homoni za kiume, aghalabu utatajiwa pakeji: testosteroni ya jumla, testosteroni huru, LH na FSH (homoni zinazoziamrisha korodani), prolaktini (homoni ya maziwa) na pengine PSA (kipimo cha tezi dume), vyote kwa bei moja. Tumeipitia pakeji hiyo kipimo baada ya kipimo, pamoja na vinavyouzwa kando yake, yaani sindano, vidonge vya kuongeza homoni na mizizi ya sokoni. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa mwanamume aliyepoteza hamu, anayechoka bila sababu au ambaye uume wake hausimami tena alfajiri, kipimo cha homoni cha kulipia siku ya kwanza ni kimoja tu: testosteroni ya jumla, kwa damu iliyotolewa asubuhi kabla ya kula. Vingine vingoje jibu la hicho. Na kama aliyekupokea hakukuuliza umelala vipi, umekula nini na unatumia dawa gani, basi hata hicho kimoja kimeshaharibika kabla sindano haijagusa mkono.

Ili ujue unanunua nini, tuanze na korodani zenyewe. Ndani ya kila moja mna karakana mbili zinazopakana. Ya kwanza ni vijirija vyembamba vilivyojikunja, ambamo seli za Sertoli hulea mbegu za uzazi. Ya pili ni seli za Leydig, zilizokaa katika nafasi baina ya vijirija hivyo. Hizo ndizo zinazotengeneza takriban asilimia 95 ya testosteroni ya mwanamume. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mbegu husafiri kwa mirija hadi nje. Testosteroni haipiti mrijani, huingia moja kwa moja kwenye damu. Kwa hiyo aliyefunga mirija ya uzazi hapungukiwi na homoni, na kipimo tunachokizungumzia ni cha damu wala si cha manii.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Wapo wanaopimwa manii, wakaambiwa mbegu ni chache, kisha wakatoka moja kwa moja kwenda kutafuta sindano ya testosteroni. Karakana moja yaweza kufungwa na ya pili ikaendelea na kazi. Mtu ambaye korodani zake zote mbili hazikushuka utotoni aweza kuwa na ndevu, sauti nzito na hamu kamili, lakini asiwe na mbegu hata moja, kwa kuwa utengenezaji wa mbegu unataka joto lililo chini ya la mwili kwa nyuzi mbili tatu, ilhali seli za Leydig hulivumilia joto hilo vizuri zaidi.

Msimamizi wa karakana hizo yuko kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huituma tezi ya pituitari, nayo hutoa LH inayoziamrisha seli za Leydig na FSH inayozihudumia seli za Sertoli. Testosteroni ikitosha katika damu, ubongo hupunguza amri. Ikipungua, amri huongezeka. Shikilia kanuni hii, maana ndiyo itakayokufasiria karatasi ya majibu, na ndiyo itakayokueleza kwa nini sindano huziua mbegu.

Sasa saa ya kwenda maabara. Testosteroni hupanda usingizini na kuwa juu kabisa alfajiri. Kwa kijana, ya alasiri yaweza kuwa chini ya ile ya asubuhi kwa robo nzima au zaidi. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Anayetoka Likoni ahesabu na foleni ya feri, na anayetoka Changamwe au Mikindani ahesabu msongamano wa magari, kwa sababu kufika saa 5 na nusu si kuchelewa kidogo, ni kupima kitu kingine. Mfanyakazi wa bandarini aliyetoka zamu ya usiku asipitie maabara akirudi nyumbani. Alale kwanza usingizi wake mkuu, apimwe ndani ya saa mbili tatu baada ya kuamka, na saa hizo ziandikwe kwenye fomu.

Usile. Maji matupu yanaruhusiwa, lakini chai ya maziwa yenye sukari, mahamri na mbaazi vingoje hadi pamba ishabandikwa mkononi. Sukari iingiapo kwenye damu huishusha testosteroni, na katika vipimo vilivyofanywa kwa kunywesha watu glukosi, kushuka kwenyewe kulikuwa kama robo. Robo hiyo inatosha kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa.

Usingizi nao. Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2011 kwamba wiki moja ya kulala saa tano kwa usiku iliwashusha vijana wenye afya kwa asilimia 10 hadi 15. Anayekesha kwenye muguka siku nne mfululizo kisha akapimwa siku ya tano anapima mkesha wake. Vivyo hivyo aliyetoka juzi kwenye malaria au homa kali: asubiri apone kabisa, ajipe wiki kadhaa, ndipo aende.

Jambo ambalo halitajwi sana kwenye kaunta ni bayotini. Hii ni vitamini iliyomo katika vidonge vya nywele na kucha, mara nyingi kwa miligramu 5 au 10, na baadhi ya mashine za maabara hutumia bayotini hiyohiyo kushikilia kemikali zake. Ikizidi kwenye damu, mashine hudanganyika na kuitaja testosteroni kuwa juu kuliko ilivyo. Iache siku tatu kabla ya kipimo. Taja pia prednisoloni ya muda mrefu, tramadoli, mathadoni na heroini. Dawa za jamii ya afyuni huzima amri kutoka ubongoni, na mtu aliye kwenye tiba ya mathadoni ana haki ya kupimwa na kutibiwa kama mwingine yeyote, lakini daktari lazima ajue.

Majibu yakitoka, tazama kipimio kabla ya namba. Maabara moja huandika nmol/L, nyingine ng/dL, nyingine ng/mL, na watu hulinganisha namba zisizolinganika. Nanomoli 1 kwa lita ni sawa na 28.8 ng/dL. Kwa hiyo 300 ng/dL, 3 ng/mL na 10.4 nmol/L ni kitu kimoja. Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani hutumia 300 ng/dL kama mpaka wa upungufu. Katika miongozo ya Ulaya, chini ya 8 nmol/L pamoja na dalili ni upungufu, juu ya 12 kwa kawaida siyo, na baina ya hapo ni eneo la mashaka linalohitaji uchunguzi zaidi. Kipimo kimoja kilicho chini hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Rudia siku nyingine, asubuhi, kwa maabara ileile. Uliza pia kama kituo kinapima chenyewe au kinachukua damu tu na kuituma kwingine, kisha hakikisha sampuli ya pili inakwenda kwenye mashine iliyopima ya kwanza. Ukitaka kulinganisha ubora, uliza kama maabara ina ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ambayo hapa Kenya hutolewa na KENAS, shirika la taifa la ithibati. Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na maabara iliyo nayo hulijibu kwa furaha.

Testosteroni huru ndiyo sehemu ya pakeji tunayoipinga waziwazi. Si kwamba haina maana. Katika damu, kiasi cha asilimia 2 tu ya testosteroni hutembea bila kushikwa. Iliyobaki imeshikwa na protini ya albumini kwa ulegevu, au na nyingine iitwayo SHBG kwa nguvu. Unene na kisukari huishusha SHBG, hivyo mtu mnene huonekana ana testosteroni kidogo kwa jumla ilhali iliyo huru haijapungua kiasi hicho. Umri, maradhi ya ini na virusi vya ukimwi huipandisha SHBG, na hapo jumla huonekana nzuri huku mwili una njaa. Kwa hiyo habari hiyo ni ya thamani. Tatizo ni njia. Kipimo cha moja kwa moja cha testosteroni huru kinachofanywa na mashine za kawaida si cha kutegemewa. Kilicho bora ni kupima SHBG na albumini, kisha kuikokotoa iliyo huru kwa fomula kutokana na testosteroni ya jumla. Lipia SHBG, na ulipie tu ikiwa jumla imeangukia kwenye eneo la mashaka.

LH na FSH zinunuliwe baada ya testosteroni kuthibitika kuwa chini mara mbili. Hapo zinasema mengi. LH ikiwa juu na testosteroni chini, ubongo unapiga kelele na korodani haziitiki: kasoro iko kwenye korodani zenyewe. LH ikiwa chini au ya kawaida tu wakati testosteroni imeshuka, msimamizi amelala. Hapo ndipo prolaktini inapoingia, kwa sababu uvimbe mdogo wa pituitari unaotoa prolaktini nyingi huzima amri yote, na unatibika kwa vidonge. Kuvinunua vyote siku ya kwanza, kabla ya kujua kama testosteroni ina kasoro, ni kulipia majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa.

Kama shida yako ni uume kutosimama, huku hamu ipo, pesa ya LH na FSH ipeleke kwenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu), mafuta ya damu na kupimwa presha. Uume husimama kwa damu. Neva hutoa nitriki oksaidi, mishipa hupanuka, vyumba viwili vya sponji hujaa na vena hubanwa zisiirudishe damu. Testosteroni huchochea hamu na kuisaidia mitambo hiyo, lakini mitambo yenyewe huharibiwa zaidi na kisukari, presha na sigara. Mishipa ya uume ina upana wa milimita moja au mbili, ya moyo ni milimita tatu au nne. Uchafu uleule huziba ile myembamba kwanza. Mwanamume wa miaka 45 anayeanza kushindwa chumbani aweza kuwa amepewa onyo la moyo miaka kadhaa kabla, na kumuuzia kipimo cha homoni pekee ni kumnyima onyo hilo.

Daktari wa huduma hii lazima akushike. Kliniki inayoandika sindano kwa kusoma karatasi tu, bila kukagua korodani, imekupa nusu ya huduma. Chombo chake ni rahisi: uzi wa shanga 12 uliobuniwa na daktari Mswisi Andrea Prader, kuanzia mililita 1 hadi 25, na daktari hulinganisha kwa vidole. Kwa mtu mzima hutarajiwa 15 hadi 25. Kwa mvulana, shanga ya 4 ndiyo mlango wa balehe, maana korodani hutangulia kukua kabla ya uume. Korodani mbili ndogo, ngumu, chini ya 5 kwa mtu mwenye ndevu chache huashiria hali ya Klinefelter, ambapo mwanamume ana kromosomu X ya ziada; huthibitishwa kwa kipimo cha kromosomu. Vena zilizovimba juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto, hushikika kama mfuko wa minyoo mgonjwa akisimama, na hupotea akilala. Korodani ya kushoto kuning'inia chini kidogo kuliko ya kulia ni kawaida, usilipie dawa yake.

Na busha. Pwani yetu ina historia ndefu ya matende, na busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko unaoizunguka korodani. Si upungufu wa homoni, halisababishwi na nguvu za kiume kupungua, na hakuna sindano ya testosteroni itakayoliondoa. Tochi ikiwekwa nyuma yake gizani, mwanga hupenya. Tiba ni upasuaji wa kawaida. Inasikitisha kwamba wanaume bado hulificha kwa miaka, wakinunua dawa za nguvu, wakati wangeweza kupasuliwa na kurudi kazini.

Sindano zenyewe ni dawa nzuri kwa mwenye upungufu uliothibitishwa, na ni balaa kwa anayetafuta mtoto. Ubongo ukiiona testosteroni ya chupa kwenye damu, husimamisha LH na FSH. Korodani hunyamaza. Kiwango cha testosteroni ndani ya korodani, ambacho kwa kawaida ni mara makumi ya kile cha kwenye damu, huporomoka. Mbegu hukauka na korodani husinyaa. Shirika la Afya Duniani lilishaijaribu sindano ya miligramu 200 kwa wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1990. Fikiria basi kijana wa jimu anayejidunga kiasi hichohicho huku mkewe akienda kliniki kila mwezi kuulizwa kwa nini hashiki mimba. Akiacha, mbegu hurudi kwa walio wengi ndani ya miezi 6 hadi 12, wengine huchukua hata miaka miwili. Anayetaka mtoto aombe njia nyingine, kama hCG, inayozisukuma korodani zifanye kazi zenyewe.

Kwa anayeanza tiba, angalia haya kabla ya kulipa. Sustanon 250 ni mchanganyiko wa esta (aina) nne za testosteroni, jumla miligramu 250, ndani ya mafuta ya njugu. Mwenye mzio wa njugu aseme. Hupigwa ndani ya msuli, kwa kawaida kila wiki tatu, na wengi huhisi kupanda siku za mwanzo na kushuka mwishoni. Testosteroni ya aina ya undekanoeti, ya miligramu 1,000, ni mililita 4 za mafuta ya mbarika: ya pili hupigwa baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Isukumwe polepole, dakika mbili au zaidi, kwa sababu matone ya mafuta yakiingia kwenye mshipa huleta kikohozi cha ghafla na kubanwa kifua. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, ipimwe kabla ya kuanza, tena baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila mwaka. Ikipita asilimia 54 damu imekuwa nzito mno na sindano husimamishwa. PSA ina nafasi yake hapa, kwa wenye umri wa tezi dume kuwasumbua, kwa kuwa tezi hiyo hulishwa na homoni hizihizi. Kituo kinachotoa sindano bila ratiba ya kupima damu tena, tunashauri ukipite.

Tumalizie sokoni. Kitu kinachoahidiwa zaidi ni kuongezeka kwa ukubwa wa uume, na hapo hakuna bidhaa hata moja, si ya Kongowea wala ya duka lenye kiyoyozi, tunayoweza kuisifu. Uume huumbwa tumboni, hasa baina ya juma la 8 na la 12, pale testosteroni ya kijusi inapogeuzwa kuwa DHT, homoni ambayo huunganisha kingo za mfereji wa mkojo uwe mrija na kuliunganisha pumbu. Hukua tena wakati wa balehe. Baada ya hapo tishu hazisikii tena amri ya kukua, hata testosteroni iongezwe mara mbili. Kwa mtu mzima, homoni hii hulinda misuli, mifupa, hamu na damu. Urefu haiugusi.

Vidonge vya kuongeza testosteroni vingi vina mbigili, uwatu na madini ya zinki. Mbigili imejaribiwa kwa wanaume wenye afya bila kuipandisha testosteroni. Zinki humsaidia aliyepungukiwa nayo. Aliye nayo ya kutosha haongezewi kitu. Mizizi ya mukombero na supu ya pweza hazina testosteroni ndani yake. Pweza ana protini nzuri na zinki, supu yake ni chakula kizuri cha jioni, na mwenye presha aombe ipunguzwe chumvi.

Kinachotutia hofu ni unga au kidonge cha mitishamba kinachofanya kazi ndani ya saa moja. Hakuna mzizi unaopandisha homoni kwa saa moja. Uso ukiwaka, kichwa kikiuma, pua ikiziba na macho yakiona rangi ya buluu, umekunywa sildenafili (dawa ya kusimamisha uume, ile ya Viagra) iliyofichwa, kwa kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Tafuta namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu kwenye boksi, na ukiikosa, acha. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti yuko hatarini kufa, kwa sababu mbili hizo zikikutana presha huanguka ghafla. Daktari hatakiwi kumpa naitreti kabla ya saa 24 tangu sildenafili, au saa 48 tangu tadalafili, dawa nyingine ya jamii hiyo. Ukifika hospitali na maumivu ya kifua usiku huo, beba kipakiti, na mwambie daktari ulichokunywa na saa uliyokinywa, hata kama mkeo na shemeji zako wamesimama hapo kitandani.